Jengo jipya la biashara lenye sakafu tano: naomba ushauri kuhusu vyumba vya mtandao, aina ya kebo na upimaji

Msimamizi_Mifumo

Wanajukwaa, habari za kazi.

Taasisi yetu inajenga jengo la biashara lenye sakafu tano, yaani ya chini pamoja na ghorofa nne juu yake. Mimi, kama msimamizi wa mifumo, nimeanza kuitwa kwenye vikao vya ujenzi hivi karibuni tu, wakati slabu ya ghorofa ya pili imekwisha kumwagwa zege. Bado kuna nafasi ya kurekebisha michoro, lakini inazidi kufinyika. Kila sakafu ina urefu wa mita 68 na upana wa mita 22. Ngazi, lifti na shimo la kupitishia huduma za wima vyote vimewekwa kwenye kona moja.

Mkandarasi mdogo wa mtandao ameleta pendekezo lake, ambalo nalieleza kwa ufupi. Anataka chumba kimoja tu cha mawasiliano, sakafu ya chini, ukuta kwa ukuta na chumba cha swichi kuu ya umeme, na kebo za sakafu zote zishuke humo. Kebo ziwe Cat 6 (daraja la kebo ya shaba ya mtandao), bila maelezo zaidi ya hayo. Data na umeme vitumie trei moja (mfereji wa kubebea kebo) ili kuokoa nafasi ya darini. Kuhusu makabidhiano, ameandika kwamba "kila laini itapimwa kwa testa na kuthibitishwa kuwa inafanya kazi", sentensi ambayo sioni namna ya kumbana nayo mtu baadaye.

Tunatarajia watumishi wapatao 70 kwa kila sakafu, simu za mezani za mtandao, kamera, milango ya kadi na Wi-Fi jengo zima. Naomba kujua: je, chumba kimoja kinatosha? Cat 6 au Cat 6A? Na nikitaka kupokea kazi hii kwa haki, niandike nini kwenye mkataba? Zaidi ya hayo, mjumbe mmoja wa bodi anauliza kwa nini tunatandaza nyaya kabisa wakati kila mtu anatumia Wi-Fi, nami nahitaji jibu la heshima la kumpa.

---

Mchora_Njia

Mkuu, umeuliza wakati mwafaka, kwa sababu jambo zito kuliko yote katika pendekezo hilo ni mahali pa chumba, wala si aina ya kebo. Kebo mbovu inaweza kuvutwa na kubadilishwa, ijapokuwa kwa maumivu. Chumba ambacho hakikuchorwa hakipatikani tena ila kwa kumnyang'anya mtu ofisi yake, na anayenyang'anywa huwa hakubali.

Tufanye hesabu. Viwango vya TIA-568 na ISO/IEC 11801 vinakubaliana kwamba kebo ya shaba iliyotulia ndani ya jengo, kutoka pachi paneli (ubao wa matundu ambako kebo huishia) ya kwenye raki (kabati la vifaa) hadi soketi ya ukutani, isizidi mita 90, na mita 10 zinazokamilisha 100 zimeachiwa kebo fupi za kuunganishia vifaa pande zote mbili. Mita hizo hupimwa kwenye njia ambayo kebo inapita kweli. Trei hufuata kuta na korido, haikati jengo kimshazari, kwa hiyo kutoka kona yenye shimo hadi kona ya mkabala ni 68 kujumlisha 22, yaani mita 90 kamili, kabla kebo haijapanda kutoka kwenye raki hadi darini, haijashuka ukutani hadi kwenye soketi, na kabla fundi hajaacha akiba yoyote. Weka mita 3 za kupanda, 3 za kushuka na 3 za akiba, na tayari uko kwenye 99 ukiwa bado sakafu ya chini. Ghorofa ya nne, ikiwa kimo cha sakafu hadi sakafu ni mita 3.6, inaongeza mita 14 na ushei. Pendekezo la chumba kimoja, basi, linaanguka kwa vipimo vya jengo lenyewe, bila kuhitaji mjadala.

Wengi wakifika hapa husema tuweke chumba kila ghorofa palepale konani, kimoja juu ya kingine. Huo ndio utaratibu wa kawaida na ni mzuri pale shimo la wima linapokuwa katikati ya jengo, lakini kwako ile kona ya mbali itabaki kwenye mita 99. Kinachokuokoa ni kukisogeza chumba cha kila sakafu hadi katikati ya urefu, kwenye mita ya 34, kikiegemea ukuta mmoja mrefu. Hapo njia ndefu kuliko zote inakuwa 34 kujumlisha 22 kujumlisha zile 9 za kupanda, kushuka na akiba, jumla 65, na soketi nyingi zitakuwa chini ya 50.

Msanifu atakujibu kwamba shimo liko konani na slabu zimekwisha kumwagwa. Usibishane naye, shimo libaki lilipo. Kupanda na kushuka kati ya sakafu ifanye faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, kisha ndani ya kila sakafu faiba hiyohiyo itembee darini kutoka konani hadi chumba cha katikati. Faiba haifungwi na zile mita 90: ya modi nyingi aina ya OM3 hubeba gigabiti 10 kwa mita 300, OM4 kwa mita 400, na ya modi moja hufika kilomita 10. Mimi ningechagua modi moja, nyuzi 24 kwa kila chumba, kwa kuwa kasi ikipanda utabadilisha vifaa vya mwisho tu na kuziacha nyuzi zenyewe zilivyo. Uliza pia kama inawezekana kupata njia ya pili ya wima upande wa pili wa jengo, hata iwe paipu mbili tu za milimita 100 kwenye slabu zilizobaki. Zile zilizomwagwa zinaweza kutobolewa kwa mashine, lakini kwa idhini ya maandishi ya mhandisi wa miundo, maana fundi wa mtandao hajui vyuma vya zege vilipo.

Kuna faida nyingine ambayo mkandarasi wako hakuihesabu. Watu 70 kwa soketi mbili mbili ni 140 kwa sakafu, na ukiweka kamera, milango na Wi-Fi unakaribia 160. Sakafu nne za juu zingeshusha kebo 640 kwenye lile shimo. Cat 6 ina kipenyo cha milimita 6 hivi, na trei ikijazwa si zaidi ya asilimia 40 ili kebo zipumue na nyongeza ipate pa kupita, utahitaji trei yenye upana wa milimita 450 na kina cha 100 kwa ajili ya data peke yake. Faiba nne hupita kwenye paipu moja.

Kuhusu ukubwa, mwongozo wa kawaida ni angalau chumba kimoja kwa kila sakafu, na cha pili kufikiriwa sakafu inapozidi mita za mraba 1,000. Yako ina 1,496, lakini ukiondoa ngazi, vyoo na korido, na kwa kuwa umbali umekaa vizuri, naona chumba kimoja kinatosha mradi kisipungue mita 3 kwa 3 za ndani. Mlango ufungukie nje. Bomba la maji lisipite juu yake, wala choo cha ghorofa ya juu kisikae juu ya dari yake. Kiwe na saketi yake ya umeme na ubaridi wa saa 24, kwa sababu ubaridi wa ofisi huzimwa jioni ilhali swichi hazilali.

---

Kata_Waya

Kwa heshima zote, naona mnamjengea mwenzetu jengo la zamani. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina hata tundu la RJ45, lile la kuchomeka kebo ya mtandao. Ningeweka visambazaji vya Wi-Fi vya kutosha darini, nipunguze soketi za mezani hadi moja kwa kila meza tatu, na fedha iliyobaki iende kwenye kiungo cha intaneti.

---

Mpima_Laini

Ndugu Kata_Waya, katika kupunguza soketi za mezani una hoja, na mimi pia naona mbili kwa kila meza ni kiwango cha chini cha vitabuni ambacho ofisi nyingi hazikitumii chote. Hata hivyo hoja hiyo haiondoi nyaya, inazihamishia darini tu. Kila kisambazaji unachokitaja kinaning'inia kwenye kebo inayokipa data na umeme kwa pamoja, na mwongozo wa TIA kuhusu Wi-Fi unapendekeza kebo mbili za Cat 6A kwa kila kimoja. Mjumbe wa bodi aelezwe hivyo: Wi-Fi ni hatua chache za mwisho kati ya dari na mkono wa mtumiaji, na kila kilicho nyuma yake ni kebo. Tena, meza ikihama soketi hubaki bila kazi, lakini kisambazaji kilichowekwa mahali pabaya kwa kukosa kebo humsumbua kila anayeketi chini yake.

Sasa nizungumzie aina ya kebo, ambapo natofautiana kidogo na watu wa "Cat 6 inatosha". Cat 6 imeainishwa hadi megahezi 250. Hubeba gigabiti 1 kwa umbali wote bila shida, na tangu kiwango cha IEEE 802.3bz kitoke mwaka 2016 inaweza kubeba gigabiti 2.5 na 5. Lakini kwa gigabiti 10 haidhaminiwi zaidi ya mita 55, na kebo zikiwa zimebanana kwenye fungu nene umbali huo hushuka hadi 37 hivi, kwa sababu mawimbi ya kebo moja huvuja na kuingia kwenye kebo jirani. Cat 6A imeainishwa hadi megahezi 500 na inafikisha gigabiti 10 kwa mita zote 100. Kwa jengo jipya ambalo dari halitafunguliwa tena kwa miaka mingi, mimi ningeweka Cat 6A kila mahali. Nakiri kwamba ni nene zaidi, hugoma kupinda na humchosha fundi, kwa hiyo ikiwa bajeti inabana, isiguswe kwenye Wi-Fi na kamera, na mezani ndiko kuwekwe Cat 6.

Umeme unaopita kwenye kebo ni sababu nyingine ya kutofanya ubahili. PoE ya kwanza, ile ya 802.3af ya mwaka 2003, ilitoa wati 15.4 kutoka kwenye swichi kwa kutumia jozi mbili kati ya jozi nne za waya zilizosokotwa ndani ya kebo, ya 802.3bt ya mwaka 2018 hufika wati 90 ikitumia jozi zote nne. Wati hizo hupasha kebo joto, na kebo ya moto hupoteza ishara zaidi. Ndiyo maana ninakataa mafungu makubwa yaliyokazwa kwa tai za plastiki hadi ganda linabonyea. Fungu la kebo 24, limefungwa kwa velkro na kulegezwa kiasi, linatosha.

Ni kwa sababu hiyohiyo mkataba lazima utamke "shaba tupu". Sokoni kuna kebo yenye kiini cha alumini kilichopakwa shaba juu, na boksi lake huandikwa Cat 6 bila haya. Viwango haviitambui. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba kwa zaidi ya nusu, ilhali waya halali wa jozi nne hautakiwi kuzidi omu 9.38 kwa mita 100. Ubaya wake ni kwamba masafa ya juu husafiri kwenye ngozi ya waya, ambako ndiko kuliko na ile shaba, hivyo kebo hiyo inaweza kufaulu baadhi ya vipimo vya ishara na kuja kukwama unapoilisha wati 60. Kabla boksi halijaingia kazini, kata kipande, menya waya mmoja na ukwangue kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini itang'aa kama fedha.

Kuhusu "testa", hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Ile testa ndogo yenye taa nane huonyesha jambo moja tu, kwamba waya wa tundu la 1 umefika tundu la 1, wa 2 umefika la 2, hadi la 8. Sasa mchukue fundi anayepanga rangi kwa mazoea: jozi ya machungwa kwenye 1 na 2, ya kijani kwenye 3 na 4, ya buluu kwenye 5 na 6, ya kahawia kwenye 7 na 8, na pande zote mbili anafanya hivyohivyo. Taa nane zitawaka kwa mpangilio mzuri kabisa. Lakini kifaa cha mtandao hakisomi 3 na 4 kama jozi. Kinasoma 3 na 6, kisha 4 na 5. Kwa hiyo ishara moja sasa inatumia waya mmoja wa kijani na mwingine wa buluu, ambao haukusokotwa pamoja nao, na faida yote ya kusokotwa imepotea. Laini itaunganika, pengine kwa megabiti 100 badala ya 1,000, itaangusha pakiti mchana ofisi ikijaa, na utamlaumu mtoa huduma ya intaneti kwa miezi.

Mpangilio sahihi wa T568B ni nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. T568A hubadilishana jozi ya machungwa na ya kijani. Hakuna ulio bora kwa kasi. Chagua mmoja, uandike kwenye mkataba, na usiruhusu mchanganyiko ndani ya jengo. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kutoka pale waya unapoingia kwenye meno ya soketi. Hilo lisimamie kwa macho yako, fungua soketi kadhaa bila taarifa.

---

Athi_Kwanza

Mimi ni mtu wa umeme, nami naongeza machache upande wangu.

Trei moja kwa umeme na data isikubaliwe, labda iwe na kizigeu cha chuma kinachotenganisha pande mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na hata hapo napendelea trei mbili. Umbali kamili hutegemea wingi wa saketi na aina ya kebo, na kiwango cha Ulaya cha EN 50174-2 kinaeleza namna ya kuukokotoa. Mahali ambapo hakuna aliyekokotoa, milimita 300 za hewa kati ya trei na trei ni desturi ambayo haijaniangusha. Zinapolazimika kukatana, zikatane kwa pembe mraba. Chumba cha mawasiliano kuwa ukuta kwa ukuta na swichi kuu ni wazo baya pia kwa sababu ya uga wa sumaku wa nyaya nene za kuingilia, kwa hiyo hata kile cha sakafu ya chini kisogezwe.

Raki, trei za chuma na milango ya kabati viunganishwe na baa ya athi (njia ya umeme kwenda ardhini) ya chumba, na baa hizo ziungane na athi kuu ya jengo. Nimewahi kukuta mtu amechimbia mtandao fimbo yake peke yake, mbali na athi ya jengo, akidhani anaulinda. Hiyo ni hatari: radi ikipiga karibu, athi mbili zisizounganika huwa na volti tofauti, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia vifaa. Kwa ofisi za kawaida kebo isiyo na ngao inatosha. Ukiamua kuweka yenye ngao, ngao hiyo iunganishwe na athi kupitia pachi paneli, la sivyo unalipia kitu ambacho hakifanyi kazi.

Mwisho, kila tundu linalopita kwenye ukuta au slabu ya kuzuia moto lizibwe kwa nyenzo ya kuzuia moto baada ya kebo kupita. Na ikiwa nafasi ya juu ya dari inatumika kurudisha hewa ya viyoyozi, ganda la kebo liwe la daraja linaloruhusiwa humo. Mwulize mhandisi wa mitambo kabla ya kuagiza.

---

Msimamizi_Mifumo

Nawashukuru sana. Nimeipeleka hesabu ya Mchora_Njia kikaoni jinsi ilivyo, na msanifu amekubali vyumba vya katikati kwa sakafu zote, faiba ikipita kwenye shimo la kona. Njia ya pili ya wima bado inajadiliwa. Mkandarasi naye amekubali kutenganisha trei. Kwenye kebo tumeishia pale alipopendekeza Mpima_Laini kama njia ya kubana bajeti: Cat 6A kwa Wi-Fi na kamera, Cat 6 ya shaba tupu kwa meza.

Yamebaki mawili. Mkandarasi anasema upimaji wa kina utafanyika mwishoni, jengo likishakamilika, kwa kuwa mashine ya kupimia ni ya kukodi na hawezi kuileta mara mbili. Pia anataka kumalizia kebo za kamera kwa plagi moja kwa moja, bila soketi. Je, nikubali?

---

Mpima_Laini

La kamera unaweza kulikubali. Tangu marekebisho ya TIA-568 ya mwaka 2018, kuna utaratibu unaotambuliwa wa kebo kuanzia kwenye pachi paneli na kuishia kwa plagi inayoingia moja kwa moja kwenye kifaa kilichotulia, kama kamera au kisambazaji cha darini. Masharti ni kwamba plagi iwe ya daraja la kebo yenyewe na ifae unene wake, na laini ipimwe kwa mpangilio uliotengwa kwa aina hiyo, maana plagi ya mwisho nayo ni sehemu ya kinachopimwa. Kwa meza usiruhusu kabisa.

La kupima mwishoni likatae. Kebo inapimwa baada ya kufungwa soketi na kabla ya siling bodi kupanda, sakafu moja baada ya nyingine, kwa sababu kasoro ya njiani hurekebishwa kwa ngazi na saa moja dari likiwa wazi, na kwa ugomvi wa wakandarasi watatu likishafungwa. Ikiwa shida ni kukodi mashine mara mbili, ratiba ya dari ndiyo ifuate upimaji, na mkandarasi mkuu akubali hilo kikaoni kwa maandishi.

Katika kifungu cha mkataba ningeandika kwamba kila laini, si sampuli, ipimwe kwa mashine ya uthibitisho yenye cheti hai cha urekebishaji, na vipimo vijumuishe mpangilio wa nyaya, urefu, upotevu wa ishara, uvujaji kati ya jozi karibu na chanzo, mwakisiko wa ishara, ucheleweshaji, na ukinzani wa waya pamoja na tofauti ya ukinzani ndani ya jozi. Hicho cha mwisho huwa hakiwashwi bila kuombwa, nacho ndicho kinachofichua alumini na viungio vibovu kabla PoE haijavifichua.

Halafu angalia kitu kimoja kwenye ripoti ambacho wapokeaji wengi hawakiangalii, nacho ni jina la kikomo kilichotumika. Mashine ina kikomo cha kiungo cha kudumu, yaani paneli hadi soketi, na kikomo cha njia nzima pamoja na kebo fupi. Cha njia nzima ni kilegevu zaidi. Fundi ambaye laini zake zinaanguka kwa kikomo cha kwanza hubadili mpangilio tu, na ukurasa wote ukawa kijani. Kebo zako fupi bado ziko madukani, kwa hiyo kinachopokewa ni kiungo cha kudumu, na hilo liandikwe kwa jina. Matokeo yenye alama ya nyota, yaani yaliyofaulu kwa tofauti iliyo ndogo kuliko usahihi wa mashine yenyewe, yarudiwe kufungwa na kupimwa upya. Ukiona laini nyingi za chumba kimoja zina nyota, tazama soketi kabla ya kuilaumu kebo, maana mara nyingi ni msokoto uliofunguliwa mno.

Dai mafaili asilia ya mashine. Karatasi ya PDF huhaririwa, na nimewahi kupewa ripoti ambamo laini 40 zilikuwa na urefu uleule hadi desimali ya mwisho. Mtu alipima laini moja na kubadilisha majina. Kwa faiba, taka kipimo cha upotevu kwa mawimbi mawili, nanomita 1310 na 1550 kwa modi moja, kila kiunganishi kisizidi desibeli 0.75, na picha ya ncha ya kila kiunganishi baada ya kusafishwa. Vumbi ndilo huharibu faiba nyingi.

---

Mchora_Njia

Nakubaliana na yote hayo, nami naongeza la lebo kwa kuwa halijaguswa. Jina la laini lianze na sakafu, kisha chumba, paneli na tundu, mfano 3A-02-17, na jina hilohilo lionekane kwenye soketi, kwenye paneli, kwenye kebo yenyewe pande zote mbili ndani ya ganda la soketi na nyuma ya raki, kwenye ripoti ya upimaji na kwenye mchoro wa mwisho. Namba za vyumba vya ofisi usizitumie, kwa sababu ofisi hubadilishwa namba na kuta nyepesi huhamishwa.

Na kabla dari halijafungwa, tembea kila sakafu na simu yako upige picha za trei kutoka kwenye kila nguzo, huku kebo zikiwa zimekaa kwenye trei au kwenye ndoano zake zisizopishana zaidi ya mita 1.5. Kebo yoyote iliyolala juu ya fremu ya siling bodi au iliyofungwa kwenye bomba la zimamoto irudishwe siku hiyohiyo, kabla mtu wa dari hajafika.

---

Msimamizi_Mifumo

Nimeyaingiza yote kwenye rasimu ya kifungu cha makabidhiano, pamoja na sharti kwamba siling bodi ya sakafu yoyote haipandi kabla mafaili asilia ya sakafu hiyo hayajanifikia. Mkandarasi mkuu ameomba siku saba za kuipitia.